Mbinu za kujenga dunia ndani ya VR ni kitu gani hasa?

Mtu akikwambia anajenga dunia kwenye VR, yani ile dunia ya kidijitali unayoingia kwa kuvaa miwani maalum, usidhani lazima kakaa kwenye kompyuta anaandika kodi za programu (code), halafu baadaye ndo anavaa miwani kwenda kukagua. Siku hizi unaweza ukavaa miwani kabisa, ukaingia, na nyumba ukaisimamishia humo humo kwa mikono yako. Sasa zile njia ambazo programu inakupa ili mkono wako uweze kuchagua kitu, kukishika, kukisogeza, kukikuza na kukiacha pale unapotaka, hizo ndo mbinu zenyewe. Ukisikia hivyo unaona kitu chepesi, ila shida yote iko kwenye mkono: ni mfupi, unachoka, na unatetemeka, na humo ndani hakuna meza ya kuuegemeza kama ilivyo kwa maus.

Tuanze na ya kushika moja kwa moja. Unapeleka kontrola, kile kirimoti cha VR unachoshika mkononi, pale kiti kilipo, unabana kitufe cha pembeni, kiti kinang'ang'ania mkono, ukizungusha kiganja nacho kinazunguka, ukiachia kinabaki pale pale hata kama ni hewani. Aliyewahi kuzungusha kitu cha 3D kwa maus anajua mateso yake, na hapa hata mtoto anaweza bila kufundishwa. Ila je kama kiti kiko mita kumi mbele?

Hapo ndo inakuja leza, yani mstari wa mwanga unatoka kwenye kontrola, unaulenga kitu, unabonyeza. Karibu kila programu inayo. Kwa kuchagua iko poa sana, kwa kupanga vitu mimi siikubali, maana ni sawa na kuangua embe kwa mti mrefu, mkono ukicheza kidogo tu huku chini kule kwenye ncha inayumba vibaya mno. Tena kuna kero nyingine ndogo ambayo ukishaiona huachi kuiona: kile kitendo chenyewe cha kubonyeza kitufe kinatikisa kontrola, kwahiyo unalenga vizuri kabisa halafu sekunde ya kubonyeza unakuta umechagua ukuta wa jirani.

Watafiti walianza kuhangaika na haya mambo kitambo sana. Mwaka 1996 Ivan Poupyrev na wenzake walitoa mbinu inaitwa Go-Go: ukiwa na mkono karibu na mwili unafanya kazi kama kawaida, ukiunyoosha kupita kama theluthi mbili ya urefu wake, mkono wa humo ndani unaanza kurefuka kwa kasi mpaka unafika mbali. Mwaka uliofuata Bowman na Hodges wakaja na HOMER, wakachanganya: unachagua kwa leza, ukishachagua mkono wako wa kidijitali unahamia kule kule kilipo kitu, unakigeuza kama umekishika.

Ila kabla ya hao, 1995, Stoakley, Conway na Pausch walikuwa washafikiria tofauti kabisa, kwamba badala ya kurefusha mkono, ipunguze dunia. Unashika mkononi kidunia kidogo, nakala ya chumba ulichomo, ukisogeza kisofa humo basi sofa kubwa nalo linasogea nyuma yako. Hii kwangu ndo fikra bora kuliko zote. Mdogo wake ni ile ya kubana kontrola zote mbili na kuvuta: ukitanua mikono dunia inakua, ukiikutanisha inapungua, unaigeuza unavyotaka. Google Blocks ya 2017, programu ya kuunda vitu vya 3D ndani ya VR, ilikuwa nayo, na ukishaizoea unajikuta unaipunguza nyumba mpaka unaipanga paa ukiwa juu yake, halafu unaikuza unaingia mlangoni kuangalia kimo.

Menyu nazo zina mambo yake. Tilt Brush ya 2016, programu ya kuchora hewani ndani ya VR, iliweka brashi mkono mmoja, na mkono wa pili ukawa ndo menyu, unaigeuza kwa kidole gumba kutafuta rangi. Hakuna kutafuta dirisha lililopotea nyuma ya kichwa.

Kuhusu usahihi, programu nyingi zinakupa gridi, yani mistari ya miraba, ili vitu vikae sawa vyenyewe, au zinakufungia mwelekeo mmoja tu, maana kusimamisha ukuta wima kwa macho na mkono mtupu sahau. Na ukitumia vidole bila kontrola ndo kazi inaongezeka, unashika kwa kubana gumba na shahada, ukiachanisha vidole ili uachie kitu nacho kinasogea kidogo.

Halafu kuna kuchoka. Kuinua mikono hewani muda mrefu mabega yanauma, hakuna mbinu iliyomaliza hilo. Ndo maana wengi wanapanga mambo makubwa wakiwa ndani ya miwani, yale ya kupima na kunyoosha wanarudi kwenye maus. Hata Meta, kampuni yenye Facebook, Horizon Worlds yao ya watu kukutana na kujenga ndani ya VR ilipofunguliwa Marekani na Kanada mwishoni mwa 2021 watu walikuwa wanajengea ndani ya miwani, baadaye wakaletewa programu ya kujengea kwenye kompyuta.