Ukifika Saint-Louis, kata kisiwa kwa upana

Wageni wengi wanaofika Saint-Louis, kaskazini mwa Senegal, hupandishwa gari la farasi wakazungushwa kisiwa kutoka ncha moja hadi nyingine. Mimi kazi yangu ni uhifadhi wa miji ya kale, na kila anayeniuliza humwambia ashuke atembee, tena kwa upana, kutoka mtoni hadi baharini. Kisiwa kina urefu wa kilomita 2 hivi na upana wa mita 400 na ushei. Njia ni fupi, lakini ndiyo inayoonyesha mji huu uliishi kwa kitu gani, na sasa unatishwa na kitu gani.

Anzia bara, upande wa Sor, uvuke daraja la Faidherbe: chuma kitupu, mita 507, lilifunguliwa 1897 mahali pa daraja la kuelea. Utaambiwa kwamba alilichora Eiffel, au kwamba lilikusudiwa mto Danube likaletwa huku kwa bahati. Si kweli. Lilijengwa kwa ajili ya mto huu huu wa Senegal, na sehemu yake moja iliundwa izunguke ili meli zipite kwenda juu mtoni. Kumbuka hizo meli, maana bila ya biashara ya mtoni huwezi kuzielewa nyumba utakazozikuta ng'ambo.

Wafaransa walijenga ngome hapa 1659, kwenye kisiwa ambacho Wawolof wanakiita Ndar hadi leo. Kilichowatajirisha wafanyabiashara ni utumwa, na baadaye utomvu wa migunga, uliotumika sana Ulaya katika viwanda vya nguo. Ingia nyumba yoyote ya zamani ambayo mwenyewe atakukaribisha. Chini ni maghala yenye milango ya matao, katikati ua, juu ghorofa ya kuishi yenye roshani ya mbao inayotazama barabara. Mali chini, watu juu. Nyingi zilikuwa za masinyare, wanawake wa Kiafrika na machotara walioolewa na wafanyabiashara wa Kizungu kwa desturi ya mji, wakamiliki majumba, vyombo na pia watumwa. Hilo la mwisho waongoza wageni hulipita haraka. Mimi naona lazima lisemwe pale pale uani, kwa sababu watumwa hao ndio waliokuwa wakifanya kazi humo.

Gusa ukuta. Ni tofali la kuchoma lililopakwa chokaa, na chokaa huuacha ukuta upumue: unyevu wa mto unaingia na kutoka. Ukipaka saruji juu yake, maji na chumvi vinafungiwa ndani, na baada ya misimu michache plasta inabanduka pamoja na uso wa tofali. Anayeijua Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka ule ule wa 2000, ataitambua maradhi hiyo mara moja.

Shuka daraja na uko kwenye uwanja mkuu, ambao siku hizi unaitwa Baya Ndar badala ya jina la gavana Faidherbe. Hapo ndipo ilipo ikulu ya magavana, maana mji ulikuwa makao makuu ya Afrika Magharibi ya Kifaransa kuanzia 1895 hadi 1902. Humo, 1895, Sheikh Ahmadou Bamba, mwanzilishi wa tarika ya Murid, aliitwa mbele ya baraza la wakoloni, na wafuasi wake husimulia kwamba alisali rakaa mbili kabla ya kuhukumiwa kupelekwa Gabon. Kila tarehe 5 Septemba maelfu husali uwanjani kumkumbuka. Kama unaweza kuchagua siku ya kwenda, chagua hiyo.

Endelea magharibi, vuka daraja dogo, uingie Guet Ndar, mtaa wa wavuvi ulio juu ya ulimi mwembamba wa mchanga kati ya mto na Atlantiki. Nenda alasiri, mitumbwi mirefu yenye rangi ikirudi na wanawake wakipokea samaki. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha.

Hapa ndipo hatari ilipo. Oktoba 2003 mto ulijaa, na ili kuuokoa mji ulichimbwa mfereji wenye upana wa mita 4 tu kwenye ulimi wa mchanga, kusini ya mji. Maji ya mto yalishuka kweli, lakini bahari iliupanua mfereji ule mpaka ukafika upana wa kilomita kadhaa, na kijiji cha Doun Baba Dièye kikamezwa. Mawimbi yameshabomoa nyumba za Guet Ndar pia, na familia nyingi zimehamishiwa Djougop, bara, mbali na mitumbwi yao. Usalama wao ni haki yao. Lakini mvuvi anayehitaji nauli kila alfajiri ili akifikie chombo chake ataendelea kuvua kwa muda gani? Fedha za kukarabati roshani za kisiwani hutafutwa kwa bidii, nami nazitafuta pia. Ningependa usafiri wa wavuvi wa Djougop utafutiwe fedha kwa bidii hiyo hiyo.