Uliyewahi kujifungua njiti, anzia kliniki, si duka la dawa

Kila inapokaribia Novemba 17, Siku ya Mtoto Njiti Duniani, wajawazito wengi hutuuliza: "Daktari, ile dawa ya kukaza mimba inauzwa wapi?" Jibu letu ni swali: mimba ina wiki ngapi?

Dawa wanayoiulizia ni projesteroni, nayo haikazi mimba. Ni homoni inayotuliza mji wa mimba na kusaidia mlango wake usilainike kabla ya wakati. Uchungu ukishaanza, haiurudishi nyuma.

Anayeihitaji hasa ni mama mwenye mimba ya mtoto mmoja aliyewahi kujifungua kabla ya wiki 37, uchungu ukiwa umeanza wenyewe au chupa imepasuka mapema, na zaidi ikiwa mlango wa kizazi sasa ni mfupi. Huanzishwa kati ya wiki 16 na 24, kwa hiyo anayefika kliniki na mimba ya miezi saba amechelewa. Njoo ukiwa na kadi ya zamani na karatasi ya kuruhusiwa hospitali, ile iliyoandikwa wiki na uzito wa mtoto. Utafunguliwa faili, utafanyiwa ultrasaundi ya kuhesabu wiki, kisha nyingine ya kupima urefu wa mlango wa kizazi kupitia ukeni; milimita 25 au pungufu hututia wasiwasi. Kipimo hiki hakitoi mimba. Tumelisema hili mara nyingi mno, na bado wapo wanaokikimbia.

Baada ya hapo utaandikiwa cheti chenye jina lako, dozi na tarehe. Duka linaloiuza bila cheti linavunja sheria, na Baraza la Famasi lina mamlaka ya kulichukulia hatua. Usiazime kidonge cha jirani.

Mara nyingi dawa huwekwa ukeni usiku, mikono ikiwa safi, mama akiwa tayari kulala. Asubuhi ukiona ute mweupe kwenye chupi, ni mafuta ya kidonge yanayotoka. Dawa haijapotea, usiongeze nyingine. Maji yakitiririka au damu ikitoka, hilo si suala la kidonge: njoo hapo hapo.

Wapo pia wanaong'ang'ania sindano ya kila wiki ya dawa ya jamii ya projesteroni. Marekani iliiidhinisha mwaka 2011, ikaiondolea kibali Aprili 2023, baada ya utafiti mkubwa wa akina mama wapatao 1,700 kuonyesha haizuii uzazi wa mapema. Ya ukeni ndiyo yenye ushahidi bora: uchambuzi wa mwaka 2021 ulionyesha inapunguza uzazi wa kabla ya wiki 34 kwa karibu moja ya tano. Maana yake wapo watakaoitumia vizuri na bado wajifungue mapema, na hao hawakukosea chochote.

Tumbo likianza kukaza na kuachia kwa mpangilio, usisubiri kuche. Ukiwahi, tunaweza kukuchoma sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto, nayo huhitaji saa kadhaa kufanya kazi.