Mgongo Ukiuma, Usihamie Kitandani: Maswali na Majibu

Majibu haya ni ya watu ambao mgongo umewasumbua zaidi ya miezi mitatu, wameshapimwa, na bado kila wakifua, wakilima au wakirudi mazoezini maumivu yanaamka. Nafanya kazi ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Wengi wanaonifikia wameshakaa kitandani wiki kadhaa, na ndiyo sababu mengi ya majibu haya yanarudia jambo lilelile.

Maumivu sugu ya mgongo ni yapi hasa?

Ni maumivu ya kiuno au mgongo yanayodumu zaidi ya miezi mitatu. Kwa walio wengi hakuna jeraha moja la kunyooshea kidole. Huko peke yako: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno mwaka 2020.

Ni lini nisisubiri?

Nenda hospitali leo hii ukishindwa kuzuia au kutoa mkojo au haja kubwa, ukipata ganzi kati ya mapaja na sehemu unayokalia, au mguu ukipoteza nguvu. Vilevile kama umeanguka au umepata ajali. Homa, jasho la usiku na kupungua uzito ukiwa na maumivu ya mgongo vinataka vipimo haraka, maana kifua kikuu cha uti wa mgongo kipo kwetu. Hayo yakishaondolewa na daktari, endelea kusoma.

Nikiinama kufua, kiuno kinakata. Si dalili kwamba kuna kitu kinaharibika humo ndani?

Hapana. Maumivu ni onyo linalotolewa na ubongo baada ya kupima taarifa zote ulizo nazo: zinazotoka kwenye misuli, ulizoambiwa na jirani, na hofu yako mwenyewe. Mwaka 1995 jarida la udaktari la Uingereza lilieleza kisa cha fundi ujenzi wa miaka 29 aliyerukia msumari ukapenya soli na kutokeza juu ya buti. Aliumia mpaka akapewa dawa kali za kutuliza. Buti lilipovuliwa, msumari ulikuwa umepita katikati ya vidole. Mguu haukuwa na mchubuko. Fundi yule hakuwa akiigiza. Ubongo wake uliona msumari, ukaamini.

Mgongo sugu huenda hivyo. Jeraha la mwanzo, kama lilikuwapo, limeshapona, lakini mishipa ya fahamu imebaki macho juu, kama mbwa aliyeibiwa nyumbani kwake mara moja na sasa anambwekea hata mwenye nyumba. Unainama tu, anabweka. Nawe, ukitarajia kuumia, unabana pumzi na kukaza misuli ya kiuno kabla hata hujagusa beseni. Misuli iliyokazwa kutwa nzima nayo inauma.

Kwa hiyo unasema naumwa kichwani, nimejitungia?

La hasha. Maumivu yako ni ya kweli, na mhudumu anayekuambia unajifanya amekukosea. Ninachosema ni kwamba akili na mwili havina kuta kati yao. Waulize wagonjwa wangu ni lini mgongo huzidi: ada ya shule inapodaiwa, mkopo wa kausha damu unapoiva, usingizi unapokatika. Kuna mama asiyeweza kupiga deki chumba kimoja, lakini Jumamosi alicheza harusini hadi usiku na kiuno hakikusema kitu. Ndugu zake wakamwita mwongo. Si mwongo. Kiuno ni kilekile. Harusini hakikuwa kinalindwa.

Lakini nilipiga picha, nikaambiwa pingili zimesagika na diski, ule mto laini kati ya pingili, imetokeza.

Karatasi hiyo imewalaza watu wengi kuliko ugonjwa wenyewe. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2015 yaliangalia picha za watu wasio na maumivu yoyote. Dalili za diski kuchakaa zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na asilimia 80 ya wenye miaka 50. Hao wote walikuwa wakitembea zao bila kulalamika. Picha ni muhimu pale dalili za hatari nilizotaja zinapokuwapo. Bila hizo, mara nyingi inakuonyesha umri wako.

Basi nipumzike kwanza mpaka maumivu yaishe, ndipo nianze mazoezi?

Hapana. Hili ndilo linalowaharibia watu maisha. Ukisubiri maumivu yaishe ndipo uanze kujongea, utasubiri sana, kwa sababu kutojongea ndiko kunakoyalisha. Misuli inalegea, viungo vinakakamaa, usingizi wa usiku unaharibika kwa kulala mchana, na ubongo unapata ushahidi kwamba kuinama kweli ni hatari.

Hata wiki moja tu?

Hata wiki moja. Helsinki, Finland, wafanyakazi wa jiji wenye maumivu mapya ya kiuno waligawanywa makundi matatu: wengine walilala siku mbili, wengine walipewa mazoezi maalumu, wengine waliendelea na shughuli zao kadiri walivyomudu. Matokeo yalichapishwa 1995. Walioendelea na shughuli walipona haraka zaidi. Waliolala walishika mkia. Siku mbili tu! Sasa wewe una mwezi wa tatu kwenye godoro la chini.

Nianzeje, wakati nikijaribu tu yanazidi?

Anza chini ya kiwango kinachokuumiza. Kama kutembea kunauma ukifika dakika 15, tembea 10, kila siku, iwe siku nzuri au mbaya. Kila wiki ongeza dakika mbili. Kufua: nguo chache, toa pumzi unapoinama, pumzisha mikono, endelea. Maumivu yakipanda kidogo na kutulia kufikia kesho yake, hujaharibu kitu. Yasipotulia, punguza kipimo, usirudi kitandani.

Ninachowasihi waache ni ule mtindo wa siku ya nafuu kufua nguo za nyumba nzima, kisha siku tatu kulala. Kila mara naukuta, na kila mara mgonjwa anasema mazoezi ndiyo yamemzidishia.

Wapo wanaohitaji pia kuzungumza na mshauri wa kisaikolojia, na hakuna aibu. Huko Colorado, Marekani, utafiti wa watu 151 wenye mgongo sugu, uliotoka 2021, uliwafundisha baadhi yao kuyachukulia maumivu kama onyo la uongo na kujongea bila hofu. Baada ya tiba, asilimia 66 ya waliofundishwa hawakuwa na maumivu au yalibaki kidogo sana. Kwa walioendelea na tiba zao za kawaida ilikuwa asilimia 10. Maumivu yao hayakuwa ya kiwango cha juu sana, kwa hiyo siahidi muujiza.

Na mkanda wa kiuno? Na sindano ya diklofenaki, ile dawa ya maumivu, ninayochomwa duka la dawa?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 haupendekezi mikanda wala kuvutwa mgongo kwa maumivu sugu. Unapendekeza elimu, mazoezi na tiba ya kisaikolojia. Diklofenaki ina nafasi yake kwa muda mfupi, kwa ushauri wa daktari. Kuchomwa kila wiki kunatafuta vidonda vya tumbo na figo mbovu, hasa kama una presha.

Mume wangu na watoto hawataki niinue chochote. Niwaambie nini?

Waonyeshe ukurasa huu. Wanakupenda, lakini kila wanapokunyang'anya ufagio wanakuthibitishia kwamba mgongo wako ni wa kuvunjika. Kubalianeni kazi mbili ndogo ambazo ni zako kila siku, na wasizishike hata wakikuona umekunja uso. Ndoo iwe nusu kwanza.