Je, wajua kwa nini ni vigumu kumchukia mkosaji katika filamu ya kifamilia?

Filamu ya ngumi iliyosimuliwa na DJ Afro, yule Mkenya anayezitafsiri filamu za kigeni kwa sauti yake, haimsumbui mtu. Ukiketi katika banda la video pale Kondele, Kisumu, muda si muda umeshamtambua stelingi na umeshamtambua adui, kilichobaki ni kusubiri kipigo. Filamu nzuri ya kifamilia hukunyima raha hiyo. Mke ana haki, mume ana haki, na nyumba inabomoka vilevile.

Aristotle wa Ugiriki ya kale alieleza kwamba anayetutia huruma jukwaani si mtakatifu wala mwovu, bali mtu wa kati anayeangushwa na kosa lake. Sawa, ila hakutuonyesha jinsi kamera inavyoifanya kazi hiyo. Tumtazame Asghar Farhadi wa Iran, ambaye filamu yake ya 2011, A Separation, ilipata Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni mwaka 2012. (Kama hujaiona, uniwie radhi, naimwaga yote.)

Simin anataka wahame nchi kwa ajili ya binti yao, Termeh. Mumewe Nader hataki, kwa sababu baba yake mzee ana Alzheimer, ugonjwa unaofuta kumbukumbu. Hakuna anayetaka baya hapo. Ni madeni mawili ya halali, la mzazi na la mtoto, yanayodaiwa siku moja kwenye mfuko mmoja. Mtu wa Bondo au Mumias anayetuma pesa za dawa ushago huku shule ikimdai karo atawaelewa hata kama hajui Tehran iko upande gani.

Halafu unakuja uongo. Nader anamwajiri Razieh, mwanamke mjamzito, amtunze mzee. Siku moja anarudi na kumkuta baba yake chini, mkono umefungwa kitandani, Razieh hayupo. Razieh anaporejea wanagombana, Nader anamsukuma nje, kisha mimba inatoka na kesi inaanza. Nader anakana kwamba alijua habari za mimba. Alijua. Lakini akifungwa, nani atamwogesha mzee? Hata Termeh anamdanganya hakimu ili kumwokoa baba yake, na kwangu mimi huo ndio uongo unaouma kuliko wote.

Razieh naye ana siri: siku iliyotangulia aligongwa na gari alipomfuata mzee aliyetoka nje. Farhadi anatuonyesha barabara, kisha anakata kabla ya gari kumfikia. Basi kwa muda mrefu tunamhukumu Nader kwa ushahidi nusu. Na tulionywa mapema! Mwanzoni mume na mke wanajieleza wakitazama kamera, sauti ya hakimu inasikika lakini uso wake hauonekani. Kiti chake umekikalia wewe.

Tamthilia nyingi za runinga huifanya kazi hii kinyume. Mama mkwe anamtesa mke wa mwanawe kipindi baada ya kipindi, kisha mwishoni tunaambiwa kwamba naye aliteswa ujanani, analia, anasamehewa. Huruma hiyo imechelewa. Tungepaswa kujua tangu kipindi cha kwanza anamlinda nani, na atapoteza nini siku atakaposema ukweli.