Kongamano la hesabu, baiolojia, kansa na sanaa ndo kitu gani?

Mtu akisikia kongamano la namna hii anauliza mchoraji na mtafiti wa kansa wana nini cha kuongea. Kwa kifupi ni mkutano wa kitaaluma, wa siku moja au chache, ambapo watu wa fani hizo wanaleta kazi zao mezani kuzunguka swali moja, na mara nyingi swali lenyewe ni la umbo, yaani kiumbe hai kinapataje umbo lake na kansa inalivurugaje.

Hesabu inaingia mapema sana. Seli moja ikigawanyika zikawa mbili, mbili zikawa nne, ukiendelea hivo mara 30 tu unapata zaidi ya bilioni 1, huo ni uvimbe wa kama sentimita 1, kwa hiyo siku unaonekana kwenye vipimo umri wake mwingi umeshapita. Ila uvimbe hauendi kasi hiyo mwanzo mwisho, ukiwa mkubwa unapunguza mwendo, na fomula moja inayotumika sana kueleza hilo ni ya Benjamin Gompertz wa Uingereza, ambaye mwaka 1825 alikuwa anapiga hesabu za vifo vya watu kwa umri, mambo ya bima, kansa haikuwepo hata kichwani mwake.

Mfano ninaoupenda mimi ni wa Robert Gatenby na wenzake wa Moffitt Cancer Center kule Tampa, Marekani. Wao walisema ukipiga dawa dozi ya juu mfululizo unaua seli zinazosikia dawa, alafu zile sugu zinabaki na uwanja wote peke yao. Sasa kwa baadhi ya wagonjwa wa kansa ya tezi dume wakajaribu hivi: kipimo cha PSA, yaani protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, kikishuka nusu dawa inasimamishwa, kikirudi pale kilipoanzia dawa inarudi, ili seli zinazosikia dawa ziendelee kuzibana zile sugu. Hiyo ratiba imetoka kwenye milinganyo na nadharia ya mageuzi, wala sio dawa mpya.

Na sanaa je? Tishu ikikatwa nyembamba haina rangi ya maana, ile pinki na zambarau unayoiona kwenye hadubini ni rangi ya kutiwa, kwa hiyo hata daktari anasoma picha ambayo mtu kaitengeneza. Alafu kuna David Goodsell, mwanasayansi anayechora ndani ya seli kwa rangi za maji, molekuli zimebanana hakuna pa kupita, tofauti kabisa na ile michoro ya vitabuni ambayo seli inaonekana tupu.

Shida ni kwamba kuna makongamano yanatundika picha koridoni watu wanywe chai wakiziangalia, basi wanasema tumeunganisha sayansi na sanaa. Hapo angalia ratiba tu, kama msanii hana muda wa kuongea na kuulizwa maswali kama wengine, hilo ni kongamano la kansa lenye mapambo.