“Gari la Mjapani Halina Neno”: Tunavyodanganyana Kuhusu Magari Yanayoitwa kwa Kasoro

“Gari likiitwa linarudi kiwandani.”

Neno lenyewe, “kuitwa” (kwa Kiingereza recall, yaani kampuni kutangaza kasoro ili irekebishwe), ndilo linalotuponza. Redio ikitangaza kwamba kampuni fulani imeyaita magari yake milioni moja, msikilizaji anaona meli zikirudi Japani. Hakuna meli. Mwenye gari anakwenda kwa wakala, kifaa kilichotajwa kinabadilishwa bila malipo, anaondoka na gari lake. Desemba 2023 Tesla iliyaita magari takriban milioni 2 nchini Marekani, na dawa yake ilikuwa programu iliyotumwa kwa intaneti. Gari lilitibiwa likiwa limeegeshwa nyumbani.

“Kampuni inayoita magari kila mara inauza mabovu.”

Mimi naiogopa zaidi inayokaa kimya. Mwaka 2000 ilifichuka kwamba Mitsubishi Motors ilikuwa ikificha malalamiko ya wateja tangu miaka ya 1970, ikiyatengeneza magari chini kwa chini bila kuiarifu serikali ya Japani.

“Wakishajua kasoro, watasema.”

Sheria ya Marekani inampa mtengenezaji siku 5 za kazi kuiarifu mamlaka ya usalama barabarani, NHTSA, akishabaini kwamba kasoro inahatarisha maisha. Ujanja wote umejificha kwenye hilo “akishabaini”, maana vikao vinaweza kukaa miaka bila mtu kubaini chochote.

Tazama swichi ya funguo ya Chevrolet Cobalt, gari la General Motors. Ilikuwa laini mno. Goti likiigusa, au funguo zikiwa nyingi kwenye pete, swichi ilijirudisha yenyewe: injini inazima gari likiwa kwenye mwendo, usukani unakuwa mzito, na mifuko ya hewa haifumuki gari likigonga. Mwaka 2005 mawakala walielekezwa wawashauri wateja wapunguze vitu vinavyoning’inia kwenye funguo. Mwaka 2006 swichi ikaimarishwa, lakini namba ya kipuri ikaachwa ileile, hivyo aliyechunguza kwenye makaratasi hakuweza kujua lipi lina swichi ya zamani na lipi lina mpya. Wito ukatoka 2014. Mfuko wa fidia ulioundwa baadaye ulikubali madai ya vifo 124.

“Taa ya airbag imezima, basi airbag ni nzima.”

Hili nalisikia kila gereji. Ukiwasha gari, taa ile inawaka kidogo kwenye dashibodi kisha inazima, na fundi anakuambia kila kitu kiko sawa. Taa hupima umeme: waya, vihisi, kompyuta yake. Haina macho ya kuona baruti.

Ndiyo, baruti. Katikati ya usukani, nyuma ya nembo, kuna kikopo cha chuma chenye vidonge vya kemikali vinavyowaka kufumba na kufumbua na kuujaza mfuko gesi. Kampuni ya Kijapani ya Takata ilitumia amonium naitreti, kemikali ya bei nafuu inayoharibiwa na unyevu. Joto la mchana, ubaridi wa usiku, unyevu wa hewa, mwaka baada ya mwaka, na vidonge vinaanza kumong’onyoka. Vikishavunjika huwaka kwa kasi kupita kiasi, kikopo kinapasuka, na vipande vya chuma vinatoboa mfuko kuelekea shingoni na usoni kwa dereva. Watu wamekufa hivyo katika ajali ndogo ambazo wangetoka na michubuko tu. Marekani peke yake vikopo takriban milioni 67 viliitwa, kwenye magari ya makampuni chungu nzima, na Takata ikafilisika 2017. Kwa aina moja iliyokuwa kwenye Honda za 2001 hadi 2003, NHTSA ilisema mwaka 2016 kwamba uwezekano wa kupasuka mfuko ukifumuka unafika hadi asilimia 50.

Sasa soma tena yale maneno: joto, unyevu, umri. Huko Marekani wito wa mwaka 2014 ulianzia maeneo kama Florida na Hawaii. Tanga, Mombasa na Dar es Salaam hali ya hewa ni hiyohiyo, na magari yetu mengi yameshika uzee.

“Nitanunua usukani wa mkato, uliotolewa kwenye gari jingine, nibadilishe.” Huo nao umetolewa kwenye gari gani? Unaweza kutoa kikopo kibovu ukaweka kibovu zaidi.

“Lilikaguliwa Japani kabla ya kupakiwa.”

Shemeji yangu aliniambia hivyo huku akipiga boneti kofi: “Hii gari ya Mjapani bwana, haina neno.” Mkaguzi anatazama breki, taa, usukani, kutu. Hafungui vikopo. Na barua ya wito hutumwa kwa mmiliki aliyesajiliwa, yaani yule Mjapani aliyeliuza gari mnadani zamani. Haivuki bahari kulifuata.

Kinachovuka ni namba ya chesisi. Iko kwenye kadi ya gari na kwenye kibati ndani ya boneti. Tovuti za watengenezaji wa Japani zina sehemu ya kuiingiza. Maandishi ni ya Kijapani, lakini simu inayatafsiri. Jibu likionyesha kazi haijafanyika, lipeleke gari kwa wakala rasmi wa kampuni hiyo, umuulize kama anashughulikia magari ya mnadani.

Tuliiingiza namba ya shemeji tukiwa tumekaa barazani. Ikaja mistari miwili. Wa kwanza, umefanyika. Wa pili, mfuko wa hewa wa abiria wa mbele, haujafanyika. Kiti kile hukaa dada yangu.