Kumfundisha mtoto maumbo: mpe kifaa mkononi

Mwoneshe mtoto wa miaka 4 mraba uliokaa sawa kwenye ukurasa, naye atakuambia ni mraba. Uzungushe usimame kwa pembe yake, na huenda akasema sasa ni kitu kingine. Si kwamba amesahau. Pierre van Hiele na mkewe Dina, walimu wa hisabati wa Uholanzi walioandika tasnifu zao mwaka 1957, walieleza kwamba mtoto huanza kulitambua umbo kwa sura yake nzima. Kupambanua pande na pembe huja baadaye.

Chati za ukutani nazo huchangia. Pembetatu zake karibu zote zimekaa kitako, pande sawa, ncha juu. Mtoto akikutana na pembetatu nyembamba iliyolala ubavu anaikataa, na mimi simlaumu. Mchoree za kila namna, kisha uchanganye na zisizo pembetatu, kwa mfano yenye upande uliojikunja au ambayo mistari yake haijakutana. Mwache aseme ipi haimo, na kwa nini.

Vifaa vya kazi vinaishinda chati kwa sababu havikai upande mmoja. Vinashikwa, vinageuzwa, vinajaribiwa. Chukua nati kubwa na spana. Mtoto ahesabu pande 6 za nati kwa kidole, kisha ajaribu kuishika kwa spana. Muulize: ingekuwa duara, je? Spana ingeteleza. Mtoto mkubwa kidogo anaweza kwenda mbele zaidi: ukizungusha nati sehemu moja tu ya sita, spana inaingia tena vizuri, ingekuwa na pande 4, ungelazimika kuizungusha robo nzima, jambo gumu mahali palipobana. Shoka ni kabari, jembamba kwenye makali na nene kisogoni, ndiyo maana linapasua kuni. Gurudumu ni duara kwa kuwa kutoka katikati hadi ukingoni umbali ni uleule, hivyo ekseli haipandi wala kushuka.

Mpira, lakini, si duara. Ni tufe, yaani umbo la mviringo kila upande, si bapa kama duara, na watu wazima wengi hukosea hapa. Friedrich Froebel, Mjerumani aliyeanzisha shule ya watoto wadogo mwaka 1837, alianza na vitu vya kushika: mpira, mchemraba, silinda. Naona alikuwa sahihi.

Kuchora msikimbilie. Kwa kawaida mtoto huiga duara akiwa na miaka 3 hivi, mraba kwenye miaka 4 au 5, pembetatu karibu na miaka 5.

Shoka na msumeno vishikwe na mtu mzima, mtoto atazame. Mkasi uwe wa ncha butu. Kwa aliye chini ya miaka 3, kitu chochote kinachopenya kwenye kibomba cha katikati ya karatasi ya chooni kinaweza kumkaba. Nati ndogo na misumari viwekwe mbali naye.